Makinikia Yanatokaje? Kazi ya Kolekta

Mwaka 2017 neno "makinikia" lilifika hadi kwenye daladala. Makontena 277 yalizuiliwa bandarini Dar es Salaam, na kila mtu akawa mchambuzi. Lakini nikiwauliza wenzangu hapa chuoni makinikia yanapatikanaje, wengi huishia "si wanachenjua tu". Wanachenjua vipi? Twende taratibu.

Chukua mgodi kama Bulyanhulu. Mbale ina dhahabu, kalkopairaiti yenye shaba, pairaiti yenye chuma na salfa, na mawe ya kawaida kama kwatsi. Inasagwa ikawa unga, inachanganywa na maji, kisha tope linaingia kwenye matangi yanayopulizwa hewa. Viputo peke yake havichagui kitu. Anayechagua ni kolekta.

Kolekta maarufu ni zanthati, iliyopewa hataza mwaka 1925 kwa Cornelius Keller. Molekuli yake ina kichwa na mkia. Kichwa kina salfa, kinanasa kwenye uso wa madini ya salfaidi. Mkia ni kama mafuta, hautaki maji. Chembe iliyovishwa mikia hiyo ikigongana na kiputo inakidandia mpaka juu, povu linakombwa, na hayo ndiyo makinikia. Kwatsi haina pa kunaswa, inabaki kwenye marudio. Na dozi ni ndogo: makumi ya gramu kwa tani nzima ya mbale!

Tatizo ni kwamba pairaiti nayo ni salfaidi, inataka kupanda. Hapo inawekwa chokaa. pH ikifika kama 11, uso wa pairaiti unafunikwa na hidroksidi na zanthati inakosa pa kushika, wakati kalkopairaiti inaendelea kuelea.

Kolekta ikipungua, shaba inakwenda na marudio. Ikizidi, pairaiti inapanda na ubora unashuka. Kwa hiyo hela inaweza kupotea kabla hata kontena halijafungwa.

Kwa mnaokwenda field: zanthati ikikutana na asidi au unyevu inavunjika na kutoa kaboni disalfaidi, sumu inayoshika moto upesi. Usiingie chumba cha kuchanganyia kabla ya kuuliza hewa inapita wapi.

Siku mjadala wa makinikia ukirudi, mimi ningependa tuanze na swali moja: kwenye marudio kumebaki shaba kiasi gani?