Dharura na Mali ya Umma



Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja wa mwambao aliyehamia Komarock, Nairobi: Yafaa Mwislamu kuiuzia serikali mablanketi na vyakula vya waliofikwa na mafuriko, ikiwa kandarasi yatolewa kwa haraka pasina kuwashindanisha wauzaji? Na akitakiwa azidishe bei, kisha ziada wagawane na yule aliyempatia kazi?

La kwanza jawabu lake: yafaa, kwa masharti. Sheria ya Kenya ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 103, yaruhusu kununua kwa muuzaji mmoja panapotokea msiba, kwani aliyeingiliwa na maji nyumbani hawezi kungojea zabuni itangazwe. Lakini imeshurutisha kwamba haja hiyo iwe haikuweza kutazamiwa, wala haikuletwa na uzembe wa ofisi yenyewe. Hapa twamwomba msomaji atue kidogo. Katika Suratul Baqara, aya ya 173, aliyedhikika ameruhusiwa nyamafu, maadamu hakuitamani wala hakupita kiasi. Mafakihi wakajenga juu yake kwamba ruhusa ya dharura haivuki haja yenyewe.

Basi tutazame. Masika huja kila mwaka. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua watu zaidi ya 200 katika Kenya, na Mathare ikagharikishwa. Mtaro ulioachwa umeziba Januari na Februari, kisha Aprili ikapigwa kelele ya dharura, ni dharura gani hiyo? Ni ya kupikwa. Na sheria hiyo hiyo yaruhusu kufunga mapatano na wauzaji mapema, hata msiba ukija iwe ni kuagiza tu. Nabii Yusuf (a.s.) aliweka nafaka kabla ya miaka ya njaa, hakungoja watu wafe.

Ama la pili ni haramu, halina khitilafu. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibnul Lutbiyya kukusanya zaka, aliporudi akatenga sehemu, akadai kwamba amepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza: kwa nini hakukaa nyumbani kwa wazazi wake, aone kama zawadi itamfuata? Bei ya kuzidishwa ili kugawana ni rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alikagua ununuzi wa KEMSA, shirika la serikali la ugavi wa dawa, akakuta vifaa vimenunuliwa kwa bei kupita ya soko, na vingi vimelala ghalani.

Wako wasemao ati mali ya serikali haina mwenyewe. Inaye: ni yule mjane aliyelala juu ya meza maji yakipita chini.

Kwa hiyo ndugu yetu auze kwa bei ya soko, adai mkataba wa maandishi uliotiwa saini na pande mbili, maana sheria yautaka hata katika dharura, na aweke risiti. Majirani nao wana haki, kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, kuiandikia ofisi waulize nani aliuza na kwa bei gani. Ofisi yapasa kujibu kabla ya siku 21 kupita. Na aliyekwisha pokea ziada, toba yake haitimii mpaka airudishe Hazina.