Maneno ya Kutaja Mambo Yajayo

Wenzangu, watu wengi hutumia maneno manne yafuatayo kana kwamba ni neno moja. Sivyo. Yafaa tuyatenge.

1. Kupiga ramli. Ramli kwa Kiarabu ni mchanga. Mpiga ramli huchora alama, kisha huzisoma.

2. Kuagua. Mganga hutazama dalili, akataja chanzo cha maradhi au jambo lijalo. Kuagua ni kutibu pia.

3. Kubashiri. Asili yake ni kuleta habari njema, ingawa sasa twabashiri hata mabaya.

4. Kutabiri. Asili yake ni kueleza maana ya ndoto. Leo ndilo neno la Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hupima kwanza upepo, joto na kanieneo ya hewa. Vipimo vikibadilika, nayo hubadili kauli yake.

Mwezi wa Mei 2024 Mamlaka hiyo ilitabiri kimbunga Hidaya. Ufukweni Kilwa Masoko nilimsikia mzee mmoja akisema, "Hao nao wapiga ramli tu." Tarehe 4 Mei kimbunga kikafika Mafia. Upepo ulipungua nguvu, lakini mvua zilikata barabara ya Lindi pale Somanga. Mvuvi aliyeyachanganya maneno hayo mawili na kutweka tanga siku ile aliiweka roho yake hatarini.

Zoezi: Jaza neno lifaalo, ueleze sababu.
(a) Redio ime____ mvua kubwa kesho.
(b) Aliyeibiwa kuku alikwenda ku____.