Baba, Binti na Taifa katika Hadithi za Ogot na Ogola

Mlezi wa chama alinitaka niandike juu ya baba na binti katika hadithi za akina mama wa Kiafrika. Vitabu ni vingi. Nimechagua viwili vya hapa Kenya kwa sababu ndivyo nilivyosoma mpaka mwisho, sitaki kujifanya.

Tuanze na Grace Ogot. Katika mkusanyiko wake "Land Without Thunder" wa 1968 mna hadithi iitwayo "The Rain Came". Ukame umewashika watu wa Mtemi Labong'o. Mganga anasema mvua haitanyesha mpaka Oganda, binti wa pekee wa mtemi, atolewe kwa dubwana la ziwani. Wazee wako kikaoni, na Oganda yuko nje akidhani ati wanajadili atakayemwoa! Baba anampenda mno, lakini mtemi ni wa watu wote. Anamtoa, na watu wanashangilia.

Wenzangu wengi darasani husema Labong'o ni shujaa wa taifa. La hasha! Hebu tazameni mwisho. Osinda, mpenzi wake, anamwokoa karibu na ziwa, wanatoroka, na mvua inanyesha vilevile. Dubwana halikupata kitu. Sasa watu walimdai yule msichana nini?

Margaret Ogola, aliyekuwa daktari wa watoto, anatuletea baba wa namna nyingine katika "The River and the Source" (1994). Mtemi Odero Gogni wa Yimbo hana haraka kumtoa Akoko, na anayemtaka lazima atoe mahari nzito. Binti anakua akijua ana thamani. Ndiyo maana, akiwa mjane na shemeji yake Otieno amenyakua kiti cha utemi, Akoko anafunga safari hadi Kisumu kushtaki kwa serikali ya wazungu. Inachoma kidogo kwamba haki aliipata kwa mkoloni.

Je, serikali yetu wenyewe ilifanyaje? Tulikuwa na Baba wa Taifa, lakini katiba ya uhuru ilimpa mtoto aliyezaliwa ng'ambo uraia kupitia baba yake tu. Mama Mkenya hakutosha. Jambo hilo lilirekebishwa katika katiba ya 2010.

Hapa Subukia uhuru ulimaanisha shamba. Wazee wetu walichanga pesa wakanunua ardhi iliyokuwa ya walowezi, na wakaiita urithi wa watoto. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, haibagui msichana na mvulana. Lakini mwaka jana mpimaji alipokuja kwetu kugawa shamba, mimi ndiye niliyeshika ncha ya kamba, na vipande vikatoka vitatu, vya kaka zangu watatu. Nilipouliza, baba alicheka akasema, "Mama, wewe si utaolewa?" Hakusema kwa ubaya.

Likizo ya Aprili nilimsimulia hadithi ya Oganda kwa Kiswahili, tukipukuchua mahindi jikoni. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishowe akauliza, "Na mvua ikanyesha kweli?"

Nikamwambia, "Ndiyo, baba, ilinyesha."

Akaendelea kupukuchua. Mpimaji atarudi Agosti kuweka alama za mipaka.