Ridhaa ya Mtoto katika Utafiti wa Fasihi Simulizi: Mfano wa Muyeye

Mwanafunzi anayenuia kukusanya vitendawili vya watoto wa Muyeye, Malindi, hana budi kupata kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya NACOSTI, asasi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo hudai idhini ya mzazi au mlezi. Hata hivyo, saini ya mzazi pekee haitoshi. Tuseme mama amekubali, lakini mwanawe wa miaka sita, akionapo kinasa sauti, ananyamaza na kujificha nyuma ya leso ya mamaye. Kimya hicho ni jibu. Mtafiti na azime chombo, ijapokuwa data itapungua. Mtegaji husema “Kitendawili!” akangoja kuitikiwa “Tega!” ndipo aendelee. Mtafiti naye angoje.