Matende, Mabusha na Dawa ya Wazima

SWALI: Kwa nini sisi wa Likombe tumezeshwe dawa ya matende na mabusha ilhali tu wazima? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Maradhi haya hayaletwi na uchawi wala maji ya madafu, kama wadhanivyo wengi wa pwani, bali na minyoo ambayo mbu, aghalabu wale wazaliwao katika maji machafu ya mashimo ya vyoo, huichukua changa katika damu ya mtu usiku na kumtia mwingine, na kwa kuwa mtu aweza kuihifadhi miaka mingi bila dalili, akiwaambukiza jirani zake pasi na kujua, dawa za albendazoli na aivamektini, zilizoanza kugawiwa nchini mwaka 2000 kisiwani Mafia, hupewa wazima pia, isipokuwa baadhi, kama waja wazito na watoto wadogo. Mwenye busha apasuliwe hospitali. Mwenye matende aoshe mguu kila siku kwa sabuni. Nawe, tafadhali, meza.