Namna Kiraka cha Programu Kinavyokubaliwa

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Mfano mashuhuri ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Mtu yeyote aweza kubadili nakala yake mwenyewe. Lakini ili badiliko liingie katika nakala kuu, sharti wasimamizi wake walikubali. Badiliko hilo huitwa kiraka, yaani orodha ya mistari inayoondolewa na inayowekwa mahali pake.

Kwa nini kiraka kinachofanya kazi vizuri hukataliwa? Mleta kiraka aweza kuondoka kesho. Msimamizi hubaki na mistari ile kwa miaka mingi. Kwa hiyo hupima pia kama kiraka kinaeleweka, na kama yuko wa kukitunza. Kutokana na hayo, yafaa kuzingatia mambo manne.

Kwanza, kiraka kimoja kibebe badiliko moja. Yakichanganywa mengi, kosa jipya likizuka ni vigumu kujua chanzo chake.

Pili, maelezo yataje tatizo, kisha dawa yake. Tuchukue programu ya kukokotoa wastani wa alama. Kuandika “Nimesahihisha kosa” hakutoshi. Ni bora kuandika: “Darasa lisipokuwa na wanafunzi, programu hugawanya kwa sifuri na kusimama. Kiraka hiki huangalia idadi kwanza.”

Tatu, mwandishi athibitishe kwamba ana haki ya kuyatoa maandishi hayo. Tangu mwaka 2004, viraka vya Linux hutiwa mstari wa sahihi kwa ajili hiyo.

Nne, ajibu hoja za wakaguzi, asahihishe, na akilete tena.

Jambo la utunzaji si dogo. Sehemu kadhaa za Android, programu ya simu, ziliwahi kuingizwa katika Linux, kisha zikaondolewa katika toleo 2.6.33 la mwaka 2010 kwa kukosa watunzaji. Baadhi yake zilirudi katika toleo 3.3 la mwaka 2012, baada ya watu kujitolea kuzishughulikia.

Zoezi: Mwanafunzi amesahihisha kosa moja na, katika kiraka hicho hicho, amebadili majina ya vigeu vyote. Eleza kwa nini msimamizi atakirudisha, na namna ya kukigawa.