NAMBA KANDO YA BEI: JE, ZATUSAIDIA KUCHAGUA CHAKULA?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unatupeleka hotelini. Familia nyingi siku hizi hula nje ya nyumba: baba kazini, mama sokoni, vijana chuoni. Tunapoagiza, mara nyingi tunaangalia mambo mawili tu, yaani bei na ladha. Je, kama kando ya bei ingeandikwa pia nguvu iliyomo katika kila sahani, tungechagua tofauti? Nchi nyingine zimekwisha kujaribu jambo hili, na matokeo yake yana funzo kwetu.

Kalori ni nini?

Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili huipata katika chakula, kama vile lita ilivyo kipimo cha mafuta ya taa. Kwa wastani mtu mzima huhitaji takriban kalori 2,000 kwa siku. Mwenye kazi ngumu huhitaji zaidi, na mtoto mdogo huhitaji pungufu. Nguvu isiyotumika mwili huiweka akiba kama mafuta. Akiba hiyo ikiongezeka mwaka hata mwaka, huleta unene wa kupindukia, na hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo huwa kubwa.

Wenzetu walifanya nini?

Mwaka 2008 jiji la New York, Marekani, lilianza kuzilazimisha hoteli za makampuni yenye matawi mengi kuandika kalori za kila chakula kwenye orodha na mabango yao. Sheria ya Marekani nzima ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Mei 2018, kwa makampuni yenye matawi 20 au zaidi. Uingereza, katika sehemu yake ya England, ilifuata Aprili 2022, kwa makampuni yenye wafanyakazi 250 au zaidi.

Desemba 2015 New York iliongeza alama ya kidude cha kunyunyizia chumvi. Alama hiyo huwekwa kwenye chakula ambacho sahani yake moja ina chumvi kama kijiko kidogo kizima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe hata gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, kiasi ambacho ni kama kijiko hicho kimoja.

Je, walaji walibadilika?

Walibadilika, lakini kidogo. Mwaka 2025 watafiti wa Cochrane walikusanya matokeo ya uchunguzi 25 uliofanywa katika nchi tajiri. Waliona kwamba namba hizo hupunguza kalori ambazo mtu huchagua kwa asilimia 1.8 hivi. Kwa mlo wa kalori 600, hizo ni kalori 11 tu. Hazifikii hata zile za kijiko kidogo kimoja cha sukari, ambacho kina kalori 16.

Kwa nini badiliko ni dogo hivyo? Kwanza, wengi hawazioni namba hizo. Mwenye njaa husoma jina la chakula na bei. Pili, namba haisemi kitu kwa mtu asiyejua mwili wake unahitaji kiasi gani. Tatu, mazoea yana nguvu. Katika maduka ya kahawa ya Starbucks ya New York, kalori katika kila mauzo zilipungua kwa asilimia 6, lakini karibu zote zilipungua katika vitafunio. Vinywaji watu waliendelea kununua vilevile.

Hata hivyo, tusidharau. Kidogo cha kila siku, kwa watu mamilioni, si bure. Tena muuzaji naye hujirekebisha anapojua kwamba namba itaonekana. Huko Marekani vyakula vipya vilivyoingizwa baada ya sheria vilikuwa na kalori pungufu kuliko vipya vya awali.

Nasi tufanyeje?

Kwa mama lishe hakuna bango la kalori. Basi namba chache tuziweke kichwani:

1. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Viazi vya kuchemsha gramu 100 vina kalori 90 hivi; chipsi za uzito huohuo zaweza kufikia 300.

2. Soda ya kola ya mililita 330 ina sukari kama vijiko vidogo 8 au 9, karibu kalori 140. Maji safi hayana kalori hata moja.

3. Onja kabla ya kuongeza chumvi. Mwenye presha amwombe mpishi asiongeze chumvi mezani wala jikoni.

4. Amua kabla ya kufika. Mwenye njaa kali akisikia harufu ya kukaanga huagiza kwa pua. Aliyekwisha kuamua, "Leo ni wali, maharage na mboga za majani, na maji," huagiza kwa akili.

Lakini tuwe waangalifu. Si kila mtu apunguze chakula. Mtoto anayekua, mama mjamzito na mgonjwa aliyekonda wanahitaji kula vya kutosha. Mgonjwa wa kisukari afuate ushauri wa daktari wake, hasa kama anatumia dawa. Na mtu mnene asisimangwe mezani, aibu haiponyi.

Kanisa linatufundisha fadhila ya kiasi, na Mtakatifu Paulo anatukumbusha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Kor 6:19). Namba ukutani yaweza kutuonyesha kilichomo sahanini, lakini kuchagua ni kazi yetu wenyewe. Baba anayeacha soda ya kila mchana hajinyimi raha bure. Anawatunzia watoto wake baba yao.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika familia yetu, nani hula nje ya nyumba kila siku, naye huagiza nini?
2. Katika sherehe zetu za ubatizo na Komunyo ya Kwanza, je, maji ya kunywa huwekwa mezani pamoja na soda?
3. Tunawezaje kumsaidia mwenzetu mwenye kisukari au presha bila kumwaibisha?